Kutembea Bila Pa Kwenda

Daktari aliniambia nitembee. Mume wangu aliniambia nisiseme. Nilirudi nyumbani Gitega na maagizo hayo mawili, nikayaweka chini ya paa moja, na yakaanza kugombana siku ileile.

Nilikuwa nimetoka kutibiwa kansa ya titi katika hospitali ya mbali, ng'ambo ya mpaka. Titi la kushoto lilikatwa. Nikachomwa mionzi, nikatiwa dawa za mshipani zilizoning'oa nywele hadi kope. Mtaani kwetu Nyamugari tulitangaza kwamba nimekwenda Tanzania kumtembelea dada yangu. Niliporudi nimekonda, majirani wakasikitika, wakasema kumbe maisha ya huko ni magumu hivyo. Maskini dada yangu, anayepika pilau kila Ijumaa na kuwalazimisha watu waongeze sahani, akapakwa matope bila kosa. Nywele hazikunipa taabu. Ushungi unasitiri mengi.

Mume wangu si mtu mbaya, na sitaki mtu amfikirie hivyo. Binti yetu wa mwisho alikuwa ameposwa na kijana wa palepale mtaani, na harusi ilikuwa inakaribia. Mume wangu aliogopa kwamba watu wakisikia mama ana kansa watasema ugonjwa umo katika damu ya ukoo, na mama wa kijana, mwanamke mwenye kauli nzito, atamtoa mwanawe katika jambo hilo.

"Tulia mpaka arusi ipite," aliniambia. "Kisha utasema mbele ya watu wote kama unataka."

Nilikubali. Nilikuwa kitandani na mpira wa dawa mkononi, na kwa mtu aliyelala, kukaa kimya ni kazi rahisi.

Ugumu ulitoka kwa daktari. Siku moja kabla ya kuniruhusu alikuja akavuta kiti. Alikuwa Mrundi mwenzetu aliyekwenda kufanya kazi huko, rika la mwanangu wa kwanza, mwenye sauti ya upole na viatu vilivyohitaji rangi.

"Bon, mama," akasema. "Nataka uniambie, tangu ulikuwa mtoto, mwili yako imefanya kazi gani?"

Nikamuuliza kama anataka kunioa. Akacheka, lakini hakuondoka, akangoja jibu. Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. Nimeulizwa nimezaa wangapi, nimefunga Ramadhani ngapi bila kubaki na deni, mume anafanya biashara gani. Mwili wangu umefanya nini, hapana. Nikaanza mwanzo kabisa.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa mtoto wa kubeba kibuyu kidogo. Siku yenyewe ngoma zililia tangu asubuhi na watu wakaimba hadi sauti zikakauka, lakini jua lilipopungua mama yangu alinipa kibuyu changu kama jana na juzi, nikateremka bondeni kuteka maji. Kushuka kulikuwa kwa kuchezacheza. Kupanda kulikuwa kwa kunyamaza. Wasichana wote wa Nyamugari tulikuwa na miguu migumu, na hakuna aliyetusifu kwa hilo, kwa sababu kila mtu alikuwa nayo.

Baba yangu alikuwa mchinjaji. Mbuzi wake alikuwa akiwanunua Bukirasazi, kwa wakulima wa milimani, na kuwaswaga kwa miguu hadi Gitega. Kazi hiyo ilikuwa ya mtoto wa kiume, ila mama alikuwa amezaa wasichana watupu hadi wakati ule, basi nikachukuliwa mimi. Tulikuwa tukiondoka baada ya sala ya alfajiri. Baba alitangulia na fimbo yake, mimi nikimfuata na kipande cha muhogo wa kuchemsha mfukoni. Wakati wa kurudi mbuzi walikuwa wanakimbilia kila shamba la maharage, nami nikiwakimbilia. Baba alitembea safari ile mara moja, mimi niliitembea mara mbili, na bado nilifika nyumbani nikakuta kinu kinanisubiri, kwa sababu mama alikaanga sambusa za kuuza na kila kitu cha nyumbani kilipita katika mikono yetu. Nikilala nilikuwa nasikia mapaja yanawaka moto. Sikujua kwamba huo ulikuwa utajiri.

Nilipovunja ungo nikaingizwa ndani. Mabinti wa Kiislamu wa mjini hawakuachwa wazurure, na baba akatafuta mtu mwingine wa kuhangaika na mbuzi. Nililia kwa ajili ya ile njia. Mama hakuelewa. "Unalilia jua?" aliniuliza. Haukupita muda nikaozwa kwa mfanyabiashara wa vitambaa wa Muyinga, nikapakiwa kwenye gari pamoja na masanduku yangu, na kutoka siku hiyo sikutembea tena.

Natia chumvi, lakini si nyingi. Muyinga wakati ule malori yalikuwa yanaingia kutoka Tanzania na vitenge, khanga, sabuni na mafuta, na mume wangu mwenye umri mdogo alikuwa anajenga jina. Mama mkwe wangu alinifundisha masharti ya jina hilo. Mke wa mfanyabiashara hapiti barabarani na mzigo. Habebi maji. Hasukumi baiskeli. Akitaka kitu cha sokoni, soko linamfuata. Akionekana anatembea kwa miguu mchana kweupe, watu watauliza mume wake amepatwa na nini. Nikapewa wasichana wa kusaidia kazi, na mume wangu akaenda kwa fundi seremala akanichongea kiti cha mvule chenye mikono mipana, akakiweka dukani nyuma ya meza. Ilikuwa zawadi ya mapenzi. Nilikalia kiti kile kwa sehemu kubwa ya maisha yangu.

Nikanenepa. Kila mtoto aliniachia kitu alipotoka, na chai ya maziwa ya saa nne ikaongeza, na chapati za saa kumi zikakazia. Watu walifurahi. Wageni kutoka Gitega walinizunguka wakanisifu, wakasema nimenawiri, nimetunzwa, mume wangu anajua kulea. Mama yangu mwenyewe alinishika mkono wa juu, ule uliokuwa mwembamba wa kutwanga, akaubonyeza, akamshukuru Mungu. Kila alichonitakia maishani kilikuwa kiko pale kwenye mkono.

Kisha ikaja miaka ya vita, na katika miaka ile kukaa kulipata maana nyingine. Mtu uliyemwona barabarani kwa miguu, na godoro kichwani, alikuwa anakimbia. Aliyekuwa amekaa kwake, mlango umefungwa, sufuria iko motoni, alikuwa ni mtu ambaye bado ana bahati. Sisi wa rika langu tulishika somo hilo hadi mifupani. Hata amani iliporudi, mwanamke wa makamo akiniambia "niko nimekaa tu nyumbani," nilikuwa nasikia kama ananiambia yuko salama. Tulipohamia tena Gitega kumfuata mwanetu aliyefungua duka huko, kiti changu kilipanda lori pamoja nami.

Nikamaliza kumsimulia daktari. Nikamuuliza, basi ni kile kiti kilichonipa kansa?

Akatikisa kichwa. Akasema hakuna daktari anayeweza kunyoosha kidole kwenye kiti, au chapati, au mtu. Kansa inakuja kwa njia nyingi, na nyingine hakuna anayezijua. Lakini mwili unaotembea maisha yote, akasema, unapunguza uwezekano wa ugonjwa huu, na kwa mtu aliyekwisha kuupata kutembea kunarudisha nguvu, na inaonekana kunasaidia usirudi. "Donc, mama, kuanzia sasa utatembea. Kila siku. Haraka kidogo, mpaka pumzi ipande, lakini uweze kuongea."

Sikumwachia hapo. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha mwanamke aliyetokea Bukirasazi, kulekule kwa mbuzi wa baba, mkulima aliyelima kwa jembe la mkono tangu anasimama hadi wiki aliyougua. Miguu yake ilikuwa kama ya mkimbiaji. Naye alikatwa titi kama mimi. Nikamwonyesha daktari kitanda kile kwa macho. "Na huyu? Huyu alikaa lini?"

"Iko kama mwavuli, mama," akasema taratibu. "Mvua ikinyesha sana, hata mwenye mwavuli atalowa. Lakini we utatoka nje bila mwavuli?"

Nilikasirika. Nilitaka aniambie moja kwa moja kwamba nikitembea nitapona, au aniache nikakae zangu. Jambo la nusunusu silipendi. Hata hivyo usiku ule nilimsikia yule mkulima akipumua kitandani kwake, na asubuhi alikuwa wa kwanza kushuka na kuzunguka wodi, ameshika ukuta, wakati mimi bado nasubiri kuletewa chai. Nikaona haya. Nikajikaza, nikashuka.

Sasa fikiria mwanamke wa umri wangu, mke wa mtu anayejulikana, anaanza kutembea Nyamugari bila kusema sababu. Kwetu vijana wanakimbia mchakamchaka Jumamosi asubuhi, wanaimba, wamevaa raba, na hakuna anayewashangaa. Lakini mtu mzima akikutana na mwenzake njiani, salamu haikamiliki bila "unaenda wapi?" Jibu linatakiwa liwe mahali. Ukisema "natembea tu", ama unaficha jambo, ama kichwa chako kimeanza kulegea.

Kwa hiyo nikatafuta mahali. Siku ya kwanza nilikwenda kununua kiberiti. Siku ya pili, kiberiti. Nyumba yetu ikajaa viberiti, mwenye duka la pembeni akaanza kuniangalia kwa jicho la wasiwasi. Nikahamia kwenye chumvi. Na hata hivyo sikuachwa nitembee. Vijana wa taksi-moto walisimama mbele yangu mmoja baada ya mwingine.

"Mama, panda. Mi nitakupeleka bure, we ni mama yetu."

Nikikataa walinifuata polepole na pikipiki zao, wakinisihi. Wa baiskeli nao hivyohivyo. Msichana wa jirani alininyang'anya kifuko changu cha chumvi akanitangulia nacho hadi nyumbani, akapumzika kizingitini akijua ametenda wema. Sijawahi kuonewa kwa heshima kiasi kile. Nilikuwa natoka na nia ya kwenda mbali, narudishwa kabla jasho halijatoka.

Habari zikafika dukani. Mume wangu alirudi mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Watu wanasema duka imeanguka," akaniambia. "Wanasema ndiyo maana bibi yangu anaenda na miguu."

"Waambie haijaanguka."

"Mi niwaambie nini? Nikianza kueleza, nitaeleza mpaka wapi?"

Akanishauri nizunguke uani, ndani ya ukuta, ambapo hakuna macho. Nikazunguka. Uani kwetu kuna kuku, kamba za nguo na tangi la maji. Unapiga hatua chache unageuka, unapiga chache unageuka, hadi kichwa kinazunguka nacho. Nilizunguka siku kadhaa kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Watoto wa jirani walipanda ukutani wakanichungulia, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mama yule amepewa dawa na mganga ya kuzunguka nyumba. Binti yangu, yule mchumba wa watu, alikuja kuniambia akilia. Nilimhurumia kwelikweli. Lakini pia nilikuwa nagusa kovu langu kila nikioga, nikitafuta kama kuna kitu kipya chini ya ngozi, na kila siku iliyopita bila kutembea niliihesabu kama siku niliyompa adui. Nilitaka kuishi. Nilitaka kumwona yule binti akizaa. Sikuona kwa nini mambo hayo mawili yagombane.

Asubuhi moja tukazozana, mume wangu na mimi, kwa sauti ya chini kama wanavyozozana watu wenye majirani. Alisema nivumilie, siku zimebaki chache. Nikamwambia kansa haina kalenda ya harusi. Alipokwenda dukani nililia kwa hasira. Nikachukua khanga, nikajifunika kichwa na mabega, nikatoka bila kifuko, bila kiberiti, bila kumuaga mtu. Macho yalikuwa mekundu. Nikashika barabara kwa mwendo ule aliousema daktari, haraka mpaka pumzi ipande.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja. Nyamugari wanawake hawangoji kualikwa msibani. Mama mtu mzima akipita asubuhi kwa miguu, mbio mbio, amejitanda khanga, hana kikapu mkononi na macho yamevimba, hilo lenyewe ni tangazo. Wanaomwona wanaacha walichoshika, wanachukua khanga zao na kumfuata. Na hawamuulizi kitu. Kumuuliza mfiwa njiani ni utovu wa adabu, utajua mkifika.

Mimi nilijua desturi hiyo tangu utoto, na nimewafuata wengi hivyo. Siku ile haikunijia kabisa. Nilikuwa nasikiliza pumzi yangu. Nilipita msikiti, nikapita nyumba za mafundi cherehani, nikapita mahali wanapouza mkaa, na kwa mara ya kwanza hakuna pikipiki iliyonisimamisha. Vijana walivua kofia. Nikadhani hatimaye wameshanizoea, nikafurahi. Miguu ikaanza kukumbuka kazi yake. Nikatoka kwenye nyumba za mwisho, nikaanza kupanda kilima kinachoelekea nje ya mji, na jasho likanitoka mgongoni, jasho la kweli, nikahisi kifua changu kilichobaki upande mmoja kinafunguka. Nililia kidogo kwa raha. Kwa waliokuwa nyuma, bila shaka, huo ulikuwa uthibitisho.

Juu ya kilima nikasimama kushika pumzi. Nikasikia pumzi nyingine.

Nikageuka. Barabara nzima ilikuwa imejaa wanawake. Walikuwa wamejitanda khanga, wametoka jasho, vikongwe wameshikwa mikono na wakwe zao, mmoja bado ana unga wa chapati hadi kwenye viwiko. Na mbele yao wote, amejishika kiuno, uso umemwiva kwa kupanda, alikuwa mama wa kijana. Yeye ni mwanamke mnene kama nilivyokuwa, anauza vyombo vya jikoni mlangoni kwake na hajazoea kuinuka hata kumhudumia mteja. Alikuwa amepanda kilima chote kwa ajili yangu.

Akanikaribia, akanishika mabega.

"Mkwe," akasema, akihema. "Pole sana. Nani amekufa?"

Nilikuwa na muda wa kufikiria uongo. Kule Muyinga nina shangazi mzee ambaye hakuna anayemjua hapa. Ningemuua kwa neno moja, tukarudi wote tukisoma dua, harusi ikaenda mbele. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilitazama mikono ile mabegani mwangu, na wale vikongwe walioketi pembeni ya barabara kupumzisha magoti, nikaona siwezi kuwadanganya watu waliochoka kwa ajili yangu.

"Hakuna mtu amekufa," nikasema. "Mi niko natembea."

"Unatembea? Kwenda wapi?"

"Kwenda na kurudi. Daktari alisema nitembee kila siku. Sikuwa Tanzania kwa dada. Nilikuwa hospitali. Nilipata kanseri ya titi, wakaikata." Nikaweka mkono kwenye upande uliokuwa mtupu, ambao nilikuwa nauziba kwa vitambaa. "Natembea ili isirudi."

Mwanamke mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Kikongwe mmoja akaanza "Inna lillahi," nikamwomba angoje kidogo, bado nipo. Wachache wakacheka, wakaona haya. Mama wa kijana hakucheka. Mikono yake ilitoka mabegani mwangu taratibu. Hakunitazama usoni, alitazama kifua changu, kwa muda uliozidi adabu. Kisha akageuka, akateremka kilima peke yake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Mume wangu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliinama, akavua viatu, akavipanga pamoja, akasema, "Basi." Binti yangu alisema kitu kimoja tu, kwamba ningeweza kusema nimefiwa. Nilimpenda, na nilikuwa nimemharibia, hivyo ndivyo mambo yalivyoonekana siku ile.

Kutoka hapo nilitembea kila asubuhi hadharani, maana hapakuwa tena na kitu cha kulinda. Ajabu ni kwamba hakuna pikipiki iliyonizuia tena. Ukisha kuwa na sababu, watu wanakupisha. Wanawake wawili watatu wakaanza kunisindikiza, wakisema ni kwa ajili yangu, ingawa nilikuwa naona wanavyojipima viuno. Wengine walinikwepa. Jirani mmoja alimkataza mwanawe asinywe maji kwenye kikombe changu, kana kwamba kansa inarukia mdomoni. Nilimwambia mbele ya watu kwamba haiambukizi, na kwamba ujinga ndio unaoambukiza. Sikuwa na subira naye, na sina hata leo.

Lakini nyumba ya kijana ilikuwa kimya. Tangu posa ikubaliwe, kila Ijumaa mama yake alikuwa akituletea sahani iliyofunikwa kitambaa, wali au vitumbua, nasi tukiirudisha na kitu chetu. Ijumaa ilipita bila sahani. Ikapita nyingine. Kwetu hakuna haja ya mjumbe. Sahani isipokuja, maneno yamekwisha kusemwa. Mume wangu akaanza kumwandaa binti kwa mafumbo, kwamba riziki ni nyingi, kwamba kijana mwenyewe ni mfupi. Binti yangu akaacha kula nasi. Mimi nilipita mbele ya mlango ule kila asubuhi kwa sababu ndiyo njia ya kilimani, na kila asubuhi vyombo vilikuwa vimepangwa nje lakini kiti chake kilikuwa kitupu. Niliumia. Niliona ukweli umenigharimu mwanangu.

Kisha siku moja, nyumba ikiwa tupu, kabla sijatoka, akabisha. Nilifungua nikamkuta amesimama peke yake, amejitanda khanga, hana sahani. Nikajua amekuja kuvunja posa mwenyewe, kwa heshima, mama kwa mama. Nikamkaribisha. Akaingia, nikamvutia kiti, akakikataa. Nikangoja maneno yake huku moyo unanienda mbio kuliko kilimani.

Akachukua mkono wangu, akauingiza chini ya khanga yake, akaubonyeza kwenye titi, upande wa juu karibu na kwapa.

"Gusa hapa."

Kulikuwa na kitu kigumu, kidogo, kama punje ya harage. Nilikitambua kabla akili haijataka kukitambua.

"Ile siku nilifika nyumbani nikajigusa," akasema. "Mbele ya hapo sikujigusaka. Toka ile siku siongei na mtu. Hata mwanangu."

"Na arusi?" Nilijisikia mjinga kwa kuuliza, lakini nilikuwa mama.

"Arusi iko palepale. We ulifikiria nini? Mi niliogopa mwili yangu mwenyewe."

Nikamkumbatia, na vitambaa vyangu upande mmoja na punje yake upande mwingine vikakutana katikati yetu. Nikamwambia kile ambacho daktari angemwambia, kwamba si kila uvimbe ni ugonjwa ule, kwamba wengi wanapimwa wanaambiwa warudi nyumbani, na kwamba ukiwa ndio wenyewe, bora ujulikane leo kuliko kesho. Nilisema kwa sauti imara. Hospitali iko upande wa pili wa mji. Nikajitanda khanga, nikafungua mlango, nikaona kijana wa taksi-moto ametulia kwenye kivuli cha ukuta, nikainua mkono nimwite.

Akaushika mkono wangu, akaushusha.

"Hapana, mkwe," akasema. "Tuende na miguu. Mi nataka njia ikuwe ndefu."